Ukurasa Mmoja kwa Kila Mzee: Namna ya Kuwakumbuka Wazee wa Kijiji Waliotangulia

Swali hili linarudi kila mara, na wanaoliuliza ni watu wa kila namna: mwalimu wa shule ya msingi, katibu wa kikundi cha akina mama, kijana anayeishi mjini na kurudi kijijini akisikia msiba tu. Wote wanasema jambo moja. Wazee wetu wanakwisha. Tunawazika kwa heshima, tunachanga, tunaanua matanga, kisha baada ya miaka mitano watoto hawajui hata jina la bibi aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Tufanyeje?

Jibu langu ni fupi: anzisheni daftari moja la kijiji, na kila mzee aliyefariki apewe ukurasa wake. Msingoje mnara, jengo wala mfadhili. Kiongozi wa taifa ana barabara na shule zenye jina lake. Mzee wa kitongoji ana ninyi tu. Msipomwandika ninyi, hakuna mwingine atakayemwandika.

Yafuatayo ni maelekezo ya kazi hiyo, hatua kwa hatua. Nimeyaandika nikiwa na kijiji cha Tanzania akilini, ila msomaji wa kwingine atajua pa kubadilisha.

## Kwanza, kubalianeni nani anaingia

Hapa ndipo madaftari mengi hufia. Kijiji huanza na mwenyekiti wa zamani, mchungaji, sheikh na mwenye duka, kisha kazi inakwama kwa sababu wengine wanaona haiwahusu. Wekeni sheria rahisi: kila aliyeishi hapa na kufariki akiwa mzee anaingia. Mkitaka umri, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Tumieni hiyo, mabishano yaishe.

Waangalieni hasa hawa, maana ndio husahaulika:

- Mjane asiye na mtoto aliyebaki kijijini.
- Mtu aliyehamia kutoka mbali, akaishi na kuzikwa hapa bila ukoo.
- Mzee mwenye ulemavu aliyekuwa hatoki ndani.
- Mzee aliyekuwa mkali na asiyependwa na wengi.
- Kibarua aliyelima mashamba ya wengine maisha yake yote.

Mwenye watoto kumi atakumbukwa kwa kiasi fulani hata bila daftari. Asiye na mtu anawategemea ninyi kabisa, kwa hiyo anzeni na huyo.

## Kamati ndogo, vifaa vichache

Watu watatu au wanne wanatosha: mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, mama mmoja anayezijua koo na ndoa za kijiji, kijana mwenye simu ya kupigia picha, na mzee mmoja wa kuwasahihisha. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji na afisa mtendaji mapema, na mlitaje jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ili asitokee mtu wa kuuliza mnakusanya habari za watu kwa idhini ya nani.

Vifaa ni hivi:

- Kaunta buku kubwa lenye jalada gumu. Karatasi moja moja hupotea, na daftari laini la shule halidumu.
- Kalamu ya wino mweusi au wa bluu.
- Bahasha za kuwekea picha na nakala za wasifu.
- Sanduku la bati lenye kifuniko, liwekwe juu ya meza au rafu, mbali na ukuta na sakafu. Mchwa, panya na unyevu vimekula historia nyingi kuliko moto.

Nakala ya pili ni ya lazima. Kila ukurasa ukikamilika upigwe picha kwa simu, na picha hizo zikae kwa watu wawili wanaoishi nyumba tofauti. Mmoja wao akiwa mjini ni vizuri zaidi.

## Msiba ndio mwanzo, lakini nendeni taratibu

Siku ya mazishi husomwa wasifu wa marehemu. Mara nyingi ni karatasi moja iliyoandikwa usiku wa kuamkia mazishi, na ikishasomwa huishia mfukoni mwa msomaji. Iombeni familia nakala yake. Hiyo ndiyo hati yenu ya kwanza.

Mjue tu kwamba wasifu wa namna hiyo una mapengo. Hutaja kuzaliwa, ndoa, idadi ya watoto na wajukuu, kuugua, na saa ya kufariki. Mtu mwenyewe hayumo. Habari zake mtazisikia usiku wa matanga, watu wakiwa wamelala kwenye mikeka na mabusati, na mtazisikia kwa watani. Mahali ambapo utani wa makabila bado una nguvu, mtani husema msibani mambo ambayo ndugu wa marehemu hawathubutu kuyasema: jinsi alivyotembea, alivyobana senti zake, alivyokasirika kwenye bao. Sikilizeni na kuyaweka moyoni, bila kutoa kalamu wala simu mbele ya wafiwa.

Mkae hadi matanga yaanuliwe, au arobaini ipite kwa wanaoifanya, ndipo mwende rasmi. Mwende wawili, jioni, baada ya kazi za shamba. Semeni lililowaleta, ombeni ruhusa, na mkiambiwa bado, ondokeni kwa amani na kurudi siku nyingine.

Msisitizo kwa familia: daftari la kijiji si badala ya usajili. Kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, na cheti cha kifo hutakiwa wakati wa mirathi, madai ya pensheni na akaunti za benki. Wafiwa wengi huchelewa kwa sababu hakuna aliyewakumbusha. Kamati yenu na iwakumbushe, na iwaelekeze kwa afisa mtendaji wa kijiji.

## Maswali ya kuuliza

Ukiuliza “alikuwa mtu wa namna gani?” utajibiwa “alikuwa mtu mzuri.” Uliza vitu vinavyoshikika:

1. Alizaliwa wapi, na alifikaje kijijini hapa?
2. Watu walimwitaje? Jina la ukoo, la ubatizo au la dini, jina la mtoto wake, na jina la utani kama familia inaridhia.
3. Watu walimfuata kwa kazi gani? Ukunga, kuunga mifupa, ufinyanzi, uhunzi, kusuka mikeka, kurina asali, kusuluhisha ugomvi?
4. Kazi hiyo alifundishwa na nani, naye alimfundisha nani?
5. Alipanda mti gani au alichimba kisima gani ambacho bado kipo?
6. Alilima mbegu gani, na alizihifadhije?
7. Alilea watoto wa nani ambao si wa kuwazaa?
8. Katika ngoma, kwaya au kaswida, nafasi yake ilikuwa ipi?
9. Ni neno gani alilozoea kulisema ambalo watu bado wanalirudia?

Swali la nne na la saba msiyaruke kamwe. Hayo ndiyo yanayowaonyesha walio hai deni wanalodaiwa na marehemu.

Neno alilolisema kwa kilugha, liandikeni kwa kilugha kwanza, kisha maana yake kwa Kiswahili. Msilitafsiri na kulitupa la asili.

## Mwaka wa kuzaliwa: namna ya kuupata

Wazee wengi walizaliwa bila cheti, na hata tarehe za vitambulisho vyao mara nyingi zilikadiriwa. Msikate tamaa, wala msibuni. Tumieni matukio yanayojulikana na kila mtu:

- 1939–1945: Vita Kuu ya Pili, vijana wakichukuliwa kuwa askari wa keya (KAR), jeshi la wakoloni Waingereza, baadhi wakafika Burma.
- 1947–1951: mradi wa karanga wa serikali ya kikoloni, kwa watu wa Kongwa, Nachingwea na Urambo.
- 7 Julai 1954: kuanzishwa kwa chama cha TANU.
- 9 Desemba 1961: Uhuru wa Tanganyika.
- 26 Aprili 1964: Muungano wa Tanganyika na Zanzibar.
- 5 Februari 1967: Azimio la Arusha.
- 1973: kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakihimizwa kuchimba vyoo na kusafisha mazingira.
- 1974–1975: Operesheni Vijiji ilipopamba moto, watu wakihamishiwa kwenye vijiji vipya.
- 1978–1979: Vita vya Kagera.
- 12 Aprili 1984: kifo cha Waziri Mkuu Sokoine.
- 21 Mei 1996: kuzama kwa meli ya MV Bukoba katika Ziwa Victoria.
- 1997–1998: mvua za El Niño.
- 14 Oktoba 1999: kifo cha Mwalimu Nyerere.

Ongezeni matukio yenu wenyewe: mwaka shule ilipojengwa, daraja lilipochukuliwa na maji, zahanati ilipofunguliwa.

Kisha ulizeni kwa mahusiano. Tuseme mnaambiwa kwamba bibi alikuwa na mimba ya mtoto wa pili Uhuru ulipopatikana, na kwamba aliolewa akiwa na miaka kama 17. Kama mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka uliofuata na wa pili akafuata baada ya miaka miwili au mitatu, basi mwaka 1961 bibi alikuwa na miaka 20 au 21. Andikeni “alizaliwa takriban mwaka 1940,” na chini yake mwandike mlivyopata hesabu hiyo. Atakayekuja na habari bora zaidi ataweza kusahihisha. Ulizeni pia aliingia jando au unyago pamoja na nani. Umri wa mwenzake mmoja ukijulikana, mmepata wa wote.

Kwa kijiji kilichozaliwa na Operesheni Vijiji swali moja lina uzito wa pekee: kabla ya kuhamishwa, mzee aliishi wapi? Mahame ya kale, yenye miembe na makaburi yasiyo na alama, yana majina ambayo watu wachache tu wanayajua leo. Yaandikeni.

## Kuandika ukurasa wenyewe

Ukurasa mmoja, si zaidi. Mpaka huu unawalinda maskini: mwenye mali hawezi kununua kurasa kumi.

Linganisheni sentensi hizi mbili, ambazo ni za mfano tu.

Ya kwanza: “Marehemu alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu na mchapakazi ambaye pengo lake halitazibika.”

Ya pili: “Katika mwaka wa njaa alifungua kibuyu cha mbegu za mtama alizokuwa amezitundika juu ya moshi wa jikoni, akawagawia jirani zake kila mmoja kikombe kimoja, akisema zirudishwe baada ya mavuno.”

Sentensi ya kwanza inamfaa kila marehemu, kwa hiyo haimhusu yeyote. Ya pili inamhusu mtu mmoja tu, na ukarimu wake umeonekana bila kutajwa. Kila mnapotaka kuandika neno la sifa, jiulizeni: alifanya nini hata tuseme hivyo? Andikeni hicho alichofanya.

Mpangilio unaofaa ni huu: jina na majina mengine, kuzaliwa na kufariki, alikotoka, kazi zake, jambo moja au mawili aliyoyafanya, yakisimuliwa kwa ukamilifu, maneno yake, mahali alipozikwa, mwishowe majina ya waliosimulia na tarehe ya kuandika. Kabla hamjauingiza kwenye daftari, isomeeni familia rasimu na mpate kauli yao.

## Picha

Picha ya zamani msiibandike kwa gundi wala selotepu, na msiipeleke ikafunikwe kwa plastiki ya moto, kwa maana ikishaharibika hairudi. Ipelekeni nje kivulini mchana, muilaze juu ya kitambaa, muipige kwa simu kutoka juu bila mwanga wa simu, kisha muirudishe kwa wenyewe siku hiyohiyo. Nyuma ya nakala mtakayochapisha andikeni kwa penseli waliomo, kuanzia kushoto kwenda kulia.

Kama hakuna picha, msihuzunike. Pigeni picha kinu chake, jembe lake au mwembe alioupanda. Ambao dini au desturi yao haipendi picha ya marehemu, ukurasa wao ubaki wa maandishi.

## Kaburi lisipotee

Msalaba wa mti huliwa na mchwa, na rangi hufutwa na mvua. Familia inayopenda kujengea lakini haina fedha inaweza kumwaga saruji kidogo kwenye fremu ya mbao na kuandika jina na mwaka kwa msumari kabla haijakauka. Wasiojengea makaburi, kama ilivyo desturi ya Waislamu wengi, wanatosheka na jiwe la kawaida.

Kwa wote, chora ramani. Hesabu hatua kutoka kwenye kitu kisichohama, kama mbuyu, kona ya shule au mwamba, uandike upande na idadi ya hatua. Mahali ambapo watu huzikwa shambani au kihambani, ramani ni muhimu zaidi, kwa sababu shamba likibadilisha mikono mlimaji mpya hatajua.

## Msiyoyaandika

Hapa nawaomba muwe wakali.

- Uchawi. Msiandike kamwe kwamba fulani alishukiwa au alilogwa na fulani. Bibi zetu wengi, hasa Kanda ya Ziwa, waliuawa kwa kisingizio cha macho mekundu, macho yaliyounguzwa na moshi wa kuni na wa samadi kwa miaka mingi ya kuwapikia wengine. Kama mzee wenu alikufa kifo cha namna hiyo, mwandikeni kwa maisha yake: alilima nini, alilea nani. Msirudie uvumi uliomuua.
- Mipaka na urithi. Ukurasa wa kwanza wa daftari uandikwe wazi: “Daftari hili si ushahidi wa mirathi wala wa mipaka ya mashamba.” Bila onyo hilo, siku moja litaletwa kwenye baraza la ardhi, na kuanzia hapo hakuna atakayethubutu kuwaambia lolote.
- Ugonjwa. “Alifariki baada ya kuugua” inatosha, isipokuwa familia yenyewe itake zaidi.
- Siri za nyumba. Nani ni mtoto wa nani nje ya ndoa, nani alimkimbia nani. Hayo hayawahusu wasomaji wa kesho.

Hili halina maana kwamba mwandike malaika. Mzee aliyekuwa mkali anaweza kuandikwa kuwa alikuwa mkali, mkaeleza kwamba vijana walikimbia wakiisikia fimbo yake, na kwamba ng'ombe hakuwahi kuingia shamba la mtu yeye akiwa mlinzi. Wajukuu watamtambua, nao watacheka kwa upendo.

## Mashaka mtakayokutana nayo

“Kuandika wafu ni kujiletea mkosi.” Yupo anayeamini hivyo kwa dhati. Msimbishie. Muulizeni mkubwa wa ukoo namna inayokubalika. Koo nyingine huridhia marehemu aandikwe kwa jina la mtoto wake, yaani baba fulani au mama fulani. Ukoo ukikataa kabisa, heshimuni.

“Huku ni kuabudu wafu.” Nendeni kwa imamu, padri au mchungaji kabla hamjaanza, mumwonyeshe ukurasa wa mfano. Mwelezeni kwamba dua, hitima na misa zinabaki kwa wenye dini yao, na daftari linabeba habari tu.

“Watoto wake wote wako mjini.” Watumieni maswali kwa simu, wajibu kwa sauti. Mtoto aliye mbali mara nyingi husema mengi kuliko aliye karibu, kwa kuwa hukumbuka kwa uchungu wa kutokuwapo.

“Wameshakufa wengi mno, tumechelewa.” Anzeni na aliyezikwa karibuni, mrudi nyuma mmoja mmoja. Mkikuta jina bila habari yoyote, liandikeni jina peke yake na kuacha ukurasa wazi. Jina hilo likisomwa hadharani, huenda yuko atakayesimama na kuongeza.

## Walio hai ndio chanzo chenu

Msingoje wafe. Lakini ukimwendea mzee na kumwambia “tunataka habari zako kabla hujatutoka,” umemtisha na kumvunjia heshima. Mpe shikamoo, keti, zungumza mvua na mazao, kisha muulize kuhusu wenzake waliotangulia: “Babu, pale penye ule mkwaju alikaa nani?” Atakupa majina ambayo hayapo popote, na akiwataja wenzake atajitaja mwenyewe. Mkienda, chukueni sukari au sabuni, si kama malipo, bali kwa adabu. Ombeni ruhusa kabla ya kurekodi, na msikae zaidi ya saa moja. Mzee huchoka na hatasema kwamba amechoka.

## Siku moja kwa mwaka

Daftari lililofungiwa sandukuni halimkumbushi mtu. Chagueni siku baada ya mavuno, au wakati wa likizo watoto wa mjini wanaporudi. Wakatoliki wana tayari tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu Wote, na wanaweza kuanzia hapo kwa makaburi yao. Asubuhi fyekeni makaburi. Mchana kaeni chini ya mti, wanafunzi wasome kurasa kwa sauti, kila mmoja mzee wake.

Msikodi turubai wala muziki, na msitoze michango. Siku ikishakuwa ya gharama, mwaka wa tatu haitafanyika, na maskini ataona aibu kuja. Uji au magimbi kutoka kila nyumba vinatosha.

## Makosa yanayorudiwa

- Kumwachia mtu mmoja kazi yote. Akihama, daftari linahama naye.
- Kuandika wanaume kwa majina na wanawake kama “mke wa.” Mwandikeni mama kwa jina lake mwenyewe.
- Kuchukua picha au hati ya familia na kukaa nayo.
- Kusahihisha masimulizi yanayopingana. Andikeni yote mawili na mtaje nani kasema lipi.
- Kumpa daftari mwanasiasa alizindue. Likishakuwa na chama, nusu ya kijiji haitalifungua.

## Anzeni wiki hii

Nunueni kaunta buku. Andikeni onyo la ukurasa wa kwanza. Kisha kaeni na wazee wawili na kuorodhesha kila mzee aliyezikwa katika kitongoji kimoja tu, nyumba kwa nyumba, mkitenga jina la kila asiye na mtoto wa kumsemea. Ukurasa wa kwanza uwe wa mmoja wao. Mkishapata kurasa kumi, zisomeni kwenye mkutano wa kijiji, na muwe na kalamu tayari, kwa maana watu wataanza kuwaletea majina mengine wao wenyewe.